Kukagua Valvu Bodi ya Giaboksi ya Otomatiki

Valvu bodi ni kipande cha aluminiamu ambacho katika magari mengi hufungwa chini ya giaboksi ya otomatiki, juu kidogo ya sampu, kikiwa kimeloa oili muda wote. Ndani yake mna mifereji inayopinda huku na huko, pamoja na matundu marefu ya mviringo, na katika kila tundu valvu moja au zaidi yenye springi yake. Pampu inaleta oili yenye presha. Valvu bodi inaigawa, kwa klachi ipi, kwa nguvu kiasi gani na kwa haraka gani. Kompyuta ya gari hutoa amri, solenoidi huzigeuza amri hizo kuwa presha, na valvu husogea. Klachi yenyewe hupata kile tu kinachoifikia. Ndiyo maana giaboksi yenye klachi nzima inaweza kuteleza, kugonga au kugoma kabisa kwa sababu ya valvu moja inayovujisha oili pembeni.

Nafasi kati ya valvu na ukuta wa tundu lake ni sehemu chache tu za mia za milimita. Nafasi hiyo ndogo ndiyo muhuri, kwa kuwa valvu nyingi hazina mpira wala ringi. Ikiongezeka kidogo oili hupita, presha hupungua, na klachi hukamata kwa ulegevu. Klachi iliyolegea husuguana na kuungua, vumbi lake huingia kwenye oili, na oili hiyo yenye vumbi hurudi kwenye matundu yale yale na kuyala zaidi. Mtu akishusha giaboksi, akabadilisha pleti za klachi na kurudisha valvu bodi ile ile bila kuipima, mzunguko huo huanza upya.

Magari ya Himo yana sababu zote za kufika hapo mapema. Kutoka mjini kwenda Marangu barabara hupanda karibu mfululizo: Himo iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na lango la Marangu la Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro liko zaidi ya mita 1,800. Noah iliyojaa abiria, na ndizi juu, huupanda mlima huo kwa gia ndogo huku konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, ikiwa haijafunga, na konveta isiyofunga huchemsha oili. Wakati huo valvu ya kurekebisha presha kuu na ile ya kufungia konveta hutikisika mbele na nyuma bila kupumzika, na valvu inayotikisika ndiyo inayokula tundu lake. Siku ya soko gari hilo hilo husota kwenye foleni Njiapanda, pale barabara ya kwenda Mwanga na Same inapoiacha ile ya Holili na Taveta, likiwa kwenye D na mguu kwenye breki. Upo pia mtindo wa baadhi ya madereva wa kutelemka kutoka Marangu kwa fri, wengine wakiwa wamezima injini kabisa ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa pampu ya giaboksi haizunguki, na gari linatelemka huku beringi na bushi zikikosa oili. Chembe za chuma zitokanazo na hapo safari yake ya kwanza ni kwenye sampu, na zile laini zinazoponyoka filta huishia kwenye valvu bodi. Ubaya wa mtindo huo kwa breki ni habari nyingine, na ni nzito zaidi.

Kabla ya kufungua chochote, hali ya oili isomwe. Kwa Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, kipimo halali ni cha oili iliyopata moto, nyuzi 70 hadi 80 za Selisiasi, injini ikiwa inaunguruma na gia ikiwa imepitishwa kwenye nafasi zote na kurudishwa P. Oili pungufu huifanya pampu ivute hewa, na hewa kwenye oili huleta dalili zote za valvu bodi iliyokufa. Oili iliyozidi nayo hupigwapigwa na gia hadi ikatoa povu, na matokeo ni yale yale. Rangi nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, na mara nyingi chanzo chake ni rejeta: bomba la kupozea oili ya giaboksi hupita ndani ya rejeta, na gari lililonyweshwa maji ya bomba miaka mingi badala ya kulanti hupata kutu hadi bomba hilo likatoboka. Giaboksi iliyoingiwa na maji haiokolewi kwa kukagua valvu bodi peke yake. Maji hushambulia gundi ya pleti za klachi na kutia kutu sehemu za chuma, na rejeta isipobadilishwa kwanza kazi yote ni bure.

Baada ya oili ni umeme. Mashine ya kusomea makosa iunganishwe, namba zote ziandikwe, na ndipo solenoidi zipimwe kwa mita. Katika Toyota nyingi, solenoidi za kubadilishia gia za aina ya kufungua na kufunga huwa na ukinzani wa omu 11 hadi 15 zikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 hivi. Zile za kurekebisha presha, kama SLT, huwa na omu 5.0 hadi 5.6. Vipimo hivyo vichukuliwe kwanza kwenye soketi ya nje ya giaboksi, halafu, ikibidi, kwenye solenoidi yenyewe. Tofauti kati ya vipimo viwili ina maana kwamba kosa liko kwenye waya za kati, na waya ni rahisi kuliko valvu bodi. Kipimo kizuri nacho hakimalizi mambo: kinathibitisha koili tu. Solenoidi inaweza kuwa na omu zake zote na bado sindano yake imekwama kwa uchafu.

Kompyuta yenyewe isisahauliwe. Kisa kinachojulikana sana ni cha RAV4 zilizouzwa Marekani kati ya 2001 na 2003: giaboksi zilikuwa zikigonga vibaya wakati wa kubadilisha gia, namba za makosa zilielekeza kwenye solenoidi, na katika magari mengi chanzo kilikuwa kompyuta ya injini. Waliokimbilia giaboksi walilipa mara mbili, kwa sababu gari liliendelea kugonga hadi kompyuta iliposhughulikiwa, na giaboksi nyingine zilikuwa zimekwisha kuumizwa na kugonga huko.

Dalili za valvu bodi zina tabia yake. Ya kwanza ni tofauti kati ya baridi na moto. Gari asubuhi linatoka Himo vizuri, linabadilisha gia bila kushtua. Likifika Marangu Mtoni oili imechemka, na injini inapanda resi bila gari kuvuta. Oili ya moto ni nyepesi na hupita kwenye nafasi ambazo oili ya baridi haipiti. Tundu lililochakaa hujificha kwenye baridi na kujitokeza kwenye moto. Klachi iliyokwisha haina adabu hiyo. Huteleza asubuhi na jioni. Dalili ya pili ni makosa kadhaa yanayotokea pamoja: gia ya pili inachelewa, reva inagonga, konveta haifungi. Klachi tatu haziharibiki siku moja. Kitu kinachoziunganisha ni presha, na mara nyingi mkosaji ni valvu ya presha kuu au ile inayopeleka oili kwa solenoidi zote. Ya tatu ni kutetemeka kwa gari kwenye mwendo wa wastani, wakati konveta inapojaribu kufunga, mara nyingine ikiambatana na namba P0741.

Kinachothibitisha haya yote ni geji. Giaboksi nyingi zina plagi ya kupimia presha kwenye ganda lake, na geji ya haidroliki ikifungwa hapo itaonyesha presha ya pampu baada ya kurekebishwa. Kipimo kifanyike oili ikiwa ya moto, injini ikiwa kwenye sailensa na kisha ikipandishwa resi, kwenye D na kwenye R, na kilinganishwe na kitabu cha giaboksi hiyo. Kipimo cha resi kubwa, gari likiwa limezuiwa kwa breki, kisizidi sekunde tano, kwa kuwa nguvu yote ya injini wakati huo inageuka joto ndani ya konveta. Matairi yawekewe vizuizi na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Presha iliyo chini kwenye gia zote huelekeza kwenye pampu, filta au valvu ya presha kuu. Presha iliyo sawa kwenye D na kuanguka kwenye R huelekeza kwenye njia ya reva. Fundi asiye na geji anakisia, na kwenye giaboksi kukisia ni ghali.

Kazi ya kushusha valvu bodi inahitaji mahali kuliko inavyohitaji vifaa. Gereji nyingi za Himo ziko wazi, na wakati wa kiangazi upepo wa tambarare hubeba vumbi jekundu hadi kwenye kikombe cha maji. Chembe moja ya mchanga inatosha kukwamisha valvu. Kazi ifanyike chumbani, juu ya meza iliyofunikwa kwa kitu safi, mbali na anayekata chuma au kupiga rangi. Giaboksi ioshwe nje kabla sampu haijalegezwa. Matambara ya kawaida yasitumike ndani, maana nyuzi zake ndizo huziba vichujio vidogo vya solenoidi. Kitambaa kisichoacha nyuzi ndicho kifaacho, na upepo wa kompresa uwe umechujwa maji.

Sampu ikishuka, isioshwe kabla ya kusomwa. Toyota huweka sumaku ndani ya sampu, na kinachokaa juu ya sumaku hizo ni ripoti. Unga mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyonata kwenye sumaku vinatoka kwenye beringi, gia au pleti za chuma. Vipande vya rangi ya shaba visivyonata ni bushi. Masizi meusi mengi yaliyokaa chini ya sampu ni klachi. Sampu yenye vipande vya kushikika kwa vidole inatosha kuahirisha habari ya valvu bodi: giaboksi nzima ishushwe, kwa kuwa valvu bodi mpya ikifungwa juu ya uchafu huo haitadumu.

Bolti za valvu bodi zina urefu tofauti, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Bolti ndefu ikiingia pahala pa fupi hutoboa au kupasua ganda. Fupi ikiingia pahala pa ndefu hung'oa nyuzi za aluminiamu. Njia nyepesi ni kuchora umbo la valvu bodi kwenye kipande cha boksi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Bolti zilegezwe hatua kwa hatua kuanzia nje kuelekea katikati, na mkono mmoja uwe tayari chini, kwa sababu katika giaboksi nyingi pistoni za akyumuleta na springi zake, pamoja na gololi moja au mbili, huanguka mara tu valvu bodi inapoachia. Simu ya mkononi imekuwa kifaa bora cha fundi hapa. Picha ipigwe kabla ya kila kipande kutoka, si baadaye.

Nusu mbili za valvu bodi zinatenganishwa na sahani ya chuma yenye matundu mengi madogo. Zinapofunguliwa, nusu ya chini ibaki chini na sahani iinuliwe pamoja na nusu ya juu, au kinyume chake kulingana na kitabu, ili gololi zisitawanyike. Gololi zote zisidhaniwe kuwa sawa: nyingine ni za chuma na nyingine za plastiki, na ukubwa hutofautiana. Gololi iliyokosewa nafasi haizuii gari kuwaka wala kuondoka. Gari litaondoka vizuri, kisha litagonga kwenye gia moja tu, na hakuna atakayekumbuka sababu.

Sasa valvu zenyewe. Kila tundu lishughulikiwe peke yake: pini au kilipu itolewe, plagi ifuate, halafu springi na valvu, na vyote vipangwe kwa mstari kama vilivyotoka, kwenye trei yenye nafasi ya kila tundu. Kuzitoa zote kwa pamoja na kuziosha kwenye beseni moja la petroli ni njia ya uhakika ya kuipoteza valvu bodi nzima, maana springi mbili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwa nguvu. Valvu na aluminiamu zioshwe kwa dawa ya kusafishia breki au mafuta ya taa safi, kisha zikaushwe kwa upepo. Solenoidi zisilowekwe, zifutwe kwa nje na vichujio vyake vikaguliwe kwa kioo cha kukuza.

Kipimo cha kwanza ni cha uzito. Valvu safi, kavu, isiyo na springi, inaingizwa kwenye tundu lake na valvu bodi inainamishwa taratibu. Valvu nzima huteleza yenyewe hadi mwisho, kwa mwendo ule ule, na ikiinamishwa upande wa pili hurudi. Ikisita mahali fulani, izungushwe robo mzunguko na kujaribiwa tena. Ikisita mahali pale pale pa tundu kwa kila mzunguko, kasoro iko kwenye tundu; ikisita kwa mzunguko mmoja tu, valvu nayo inashukiwa. Kipimo hiki hugundua kukwama, wala hakigundui kulegea. Valvu iliyolegea huanguka vizuri kuliko zote, na mafundi wengi huipitisha kwa furaha.

Kulegea kunatafutwa kwa macho, kwa mkono na kwa presha. Kwa macho, valvu nyingi za aluminiamu zina ngozi ngumu ya kijivu au nyeusi iliyotiwa kiwandani. Ngozi hiyo ikiwa imekwanguka na kuacha mng'aro mweupe upande mmoja, valvu imekuwa ikilalia upande huo. Tochi ndogo ielekezwe kwenye tundu, na ukuta uangaliwe hasa sehemu inayolingana na mng'aro ule: tundu lililoliwa huonyesha mwezi mchanga wa kung'aa, mara nyingi karibu na mdomo wa mfereji wa presha. Ukucha ukipitishwa hapo na ukakwama ukingoni, tundu limekwisha. Jambo la kushangaza kwa wanaoanza ni kwamba valvu mara nyingi hubaki nzima ilhali tundu limeliwa. Sababu ni ile ngozi: valvu ni ngumu kuliko aluminiamu tupu inayoizunguka. Kununua valvu mpya ya ukubwa wa kiwandani na kuitia kwenye tundu lililoliwa hakurekebishi chochote.

Kwa mkono, valvu isogezwe hadi pale inapofanyia kazi, siyo mwishoni mwa tundu ambako hakuna uchakavu, kisha itikiswe juu na chini kwa kidole. Mchezo unaohisika ni mwingi mno. Kipimo hiki ni cha kulinganisha. Tundu linaloshukiwa lilinganishwe na jirani yake ambalo valvu yake husogea mara chache, kama lile la valvu ya mkono, inayosogezwa na wenzo wa gia.

Kipimo cha presha ndicho mwamuzi. Gereji kubwa zinazofufua giaboksi hutumia pampu ya kuvuta hewa yenye geji. Mfereji mmoja wa tundu huzibwa kwa kipande cha mpira chenye bomba, matundu mengine yanayohusiana huzibwa, hewa huvutwa, na geji husomwa. Tundu zima hushikilia mvuto karibu na ule wa pampu iliyozibwa. Tundu lililochakaa huuachia. Fundi asiye na mashine hiyo anaweza kutumia upepo kwa njia ya maji maji: ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kidogo inamiminwa kwenye mfereji, halafu upepo wa presha ndogo, kama psi 30, unapulizwa kwa bunduki yenye ncha ya mpira, na macho yanatafuta mapovu kwenye mfereji wa jirani ambao valvu ilipaswa kuufunga. Miwani ivaliwe. Mapovu machache yanayotoka taratibu si kosa, kwa kuwa kila valvu huvuja kidogo. Oili inayorushwa ni kosa. Vipimo vyote viwili vianze na valvu tatu: ya presha kuu, ya kufungia konveta, na ile inayolisha solenoidi. Muda ukiwa mfupi, hizo tatu peke yake hutoa picha ya kutosha.

Msasa usikaribie valvu bodi. Ukwanguaji mdogo kwenye valvu ya chuma unaweza kuondolewa kwa jiwe laini sana lenye oili, lakini kingo za valvu zibaki kali. Ukali huo ndio unaokata mtiririko wa oili pale mfereji unapofungwa na kusukuma chembe nje, na valvu yenye kingo za mviringo huvuta chembe ndani na kukwama. Valvu yenye ngozi ya kiwandani ikipigwa msasa ngozi hutoka, na siku chache baadaye aluminiamu inasuguana na aluminiamu.

Sahani ya kati inaangaliwa kwa kuinuliwa mbele ya mwanga. Matundu yanayopigwa na gololi hupanuka, hupata ukingo uliopondeka, au huwa ya yai badala ya duara. Tundu likipanuka, gololi hukwama ndani yake au huacha kuziba, na mabadiliko ya gia hupoteza ule ulaini uliopangwa. Sahani ni kitu cha bei ndogo kikipatikana peke yake, na ibadilishwe bila kubishana. Gasketi zake zisirudishwe kamwe, na silikoni isiwekwe popote ndani ya giaboksi: uzi mmoja wake ukikatika unatosha kuziba mfereji. Springi zikaguliwe kama zimepinda, zimekatika au zimefupika zikilinganishwa na urefu uliomo kwenye kitabu. Pistoni za akyumuleta zisipuuzwe, kwa kuwa ringi zake hukauka kwa joto na nyumba zake hukwanguka. Gia inayoingia kwa kugonga na haibadiliki kwa kusafisha valvu mara nyingi inaanzia hapo. Mwisho, uso wa valvu bodi uwekewe rula ya chuma iliyonyooka na fila geji. Uso uliopinda huvusha oili kutoka mfereji mmoja hadi mwingine hata kama kila tundu ni zima.

CVT, giaboksi inayotumia mkanda na puli badala ya gia za ngazi, inafuata kanuni hizi kwa tahadhari zaidi. X-Trail ya T31, inayopita sana barabara ya Holili, ina CVT ya Jatco ambayo Nissan huiita RE0F10A. Ndani yake presha ndiyo inayobana mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na presha ikishuka mkanda huteleza na kukwangua puli. Puli iliyokwanguka haiokolewi na valvu bodi mpya. Kwa hiyo katika CVT valvu bodi ikaguliwe dalili ya kwanza tu inapojitokeza, na sampu isomwe kwa ukali zaidi: chembe za chuma zinazong'aa kwa wingi zina maana kwamba mkanda umekwisha kuteleza. Valvu bodi hiyo ina pia kipande kidogo cha kumbukumbu kinachobeba vipimo vyake yenyewe. Kipande hicho na valvu bodi visitenganishwe, na baada ya kubadilisha, vipimo viandikwe upya kwenye kompyuta ya giaboksi kwa mashine inayoweza kazi hiyo.

Ukaguzi ukionyesha uchakavu, njia ziko tatu. Ya kwanza ni kupanua tundu kwa rima maalumu na kufunga valvu kubwa zaidi au kutia bushi. Ni njia nzuri, lakini rima hizo hutengenezwa kwa tundu la aina moja ya giaboksi na si zana ya gereji ya kawaida. Ya pili ni valvu bodi iliyofufuliwa na kupimwa na karakana yenye mashine, ambayo huagizwa kutoka nje. Ya tatu, ambayo ndiyo hutumika zaidi Moshi na Arusha, ni valvu bodi ya mtumba kutoka Japani, ikiwa peke yake au pamoja na giaboksi nzima. Njia hii haina ubaya, ila mnunuzi anakosea anapolipa kwa kuangalia usafi wa nje. Valvu bodi ya mtumba ipimwe kama ile iliyotolewa, tundu kwa tundu, kabla ya pesa kubadilisha mikono, au muuzaji akubali kwa maandishi kuipokea ikirudi. Namba za giaboksi zilinganishwe pia, kwa sababu giaboksi ya Toyota aina ya U340 ya gari la kuvuta mbele na ile ya gari la kuvuta magurudumu manne hazipaswi kudhaniwa kuwa moja.

Wakati wa kurudisha, kila valvu ipakwe ATF safi, na kila nusu ijaribiwe tena kwa kidole baada ya bolti kukazwa. Bolti za valvu bodi za Toyota nyingi hutaka mkazo wa nyutoni-mita 10 hadi 11 tu, nguvu ndogo kuliko inayozoewa na mkono wa fundi. Zikikazwa kupita kiasi aluminiamu hujipinda, na valvu iliyokuwa ikiteleza vizuri mezani hukwama ikiwa imefungwa. Toki renchi ndogo ni lazima, na bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje. Valvu ya mkono ihakikishwe imeshika kwenye wenzo wake. Filta iwe mpya. Oili iwe ile iliyoandikwa kwa giaboksi hiyo: Toyota IST hutaka T-IV, Toyota nyingi za baadaye hutaka WS, na CVT ina oili yake isiyochanganywa na ATF ya kawaida hata kwa dharura.

Mashine ya kusomea itumike kufuta makosa na, kwa magari yanayojifunza, kufuta mazoea ya zamani ya kompyuta, kwa kuwa kompyuta iliyozoea kulipia uvujaji itaendelea kutoa presha ya ziada na gia zitagonga. Gari liendeshwe kwanza kwenye tambarare ya kuelekea Mwanga hadi oili ipate moto, kipimo cha oili kirudiwe, halafu lipande Marangu likiwa na mzigo. Presha ikisimama vizuri kwenye geji oili ikiwa ya moto, na gia bado inapanda resi kwenye mlima huo, valvu bodi imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa: klachi imekwisha, na giaboksi ishushwe.